Vidole Tisa vya Sufi

Msimulizi wa habari hii hakufika Sawazo. Aliyefika ni Semboja, na Semboja si mtu wa kutia chumvi. Akikwambia mvua inakuja, anua nguo. Njia aliyopita tuiache, maana kila aendaye Sawazo hufika kwa njia yake, na wote wakirudi husimulia lango tu.

Semboja alikuwa fundi mitambo wa redio, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa. Alikaa nyuma ya kioo, vidole juu ya vitufe, akimpandisha sauti mzee anayeongea kama anaogopa kuamsha mtoto, akilishusha tangazo la sabuni linalopiga mayowe kana kwamba nyumba inaungua. Tangazo lile alilichukia kama jino bovu. Kila siku alilishusha, na kila wiki wenye sabuni walileta jingine lenye kelele zaidi, kwa kuwa wenye mafuta ya kupikia nao walikuwa wamepandisha lao. Hivyo serikali ya Sawazo ilipomwandikia barua kwamba kwao kelele imekwisha kwa mujibu wa sheria, na kwamba wanataka fundi wa nje aje aone kisha awaandikie cheti cha kuusifu mfumo wao, hakuuliza mara mbili. Alifunga mzigo.

Langoni palikuwa na ngoma pana iliyolazwa, ngozi yake imenyunyiziwa ulezi. Juu ya ngozi, kimo cha shibiri moja, ulipitishwa uzi mwekundu. Karani alimweleza kwamba mtu akisema, ngozi hutetemeka na punje huruka. Sauti ikizidi, punje nazo huruka juu zaidi, na hazitakiwi kuvuka uzi. Akamwomba ataje jina lake na shughuli yake. Semboja alisema kwa adabu, punje zikachezacheza chini ya uzi kama inavyotakiwa. Kilichomponza ni vumbi la ulezi. Lilimwingia puani, akapiga chafya, na chafya ile ikazirusha punje vidole vinne juu ya uzi.

Karani akaandika: Semboja, mgeni, kilele vidole vinne. Kisha akamkabidhi kibuyu kidogo kilichotobolewa pande mbili, ndani kimeshindiliwa sufi, ile pamba ya msufi ijazwayo mitoni, unene wa vidole vinne, akamwelekeza akishike mdomoni kila atakapotaka kusema. Semboja alijitetea kwamba ile ilikuwa chafya, si maneno. Karani, mtu mpole, akamjibu kwamba sheria haiulizi kilichotoka. Inauliza kimefika wapi.

Mwenyeji wake alikuwa Bwana Pazi, Mkuu wa Idara ya Vipimo, mwanamume nadhifu mwenye kucha safi na huruma ya kweli usoni. Ndiye aliyemsimulia asili ya mambo. Zamani, alisema, Sawazo ilikuwa nchi ya kelele. Muuza nyanya alipaza sauti ili amshinde muuza vitunguu, muuza vitunguu akanunua kengele, muuza nyanya akanunua tarumbeta, mpaka ikafika siku watu wananunua kwa ishara za mikono na waganga wa masikio wanajenga maghorofa. Ndipo wakubwa wakakaa, wakakubaliana juu ya kikomo. Kila jengo la Sawazo lina mtambaapanya, ile boriti inayokwenda ukuta kwa ukuta chini ya paa. Sauti ya binadamu isiupite mtambaapanya. Ule uzi mwekundu juu ya ngoma ndio mfano wake, na ngoma ziliwekwa kila pembe ya mtaa.

Na kwa kuwa mtu haaminiki kwa atakachokisema kesho, sheria humpima kwa sauti kubwa kuliko zote alizowahi kutoa tangu kuzaliwa. Hicho ndicho kilele chake. Kikivuka uzi, mwenyewe hushushwa kwa kiasi kilekile maisha yake yote, anene asinene la maana, kwa kibuyu cha sufi. Kisipoufikia uzi, hupandishwa kwa pembe ya kusemea, fupi au ndefu, mpaka kiufikie.

"Hapa kwetu aliye juu hushushwa na aliye chini hupandishwa," Bwana Pazi alimalizia. "Wote wanagusa uzi mmoja. Niambie, fundi, umeona wapi haki kama hiyo?"

Semboja alikumbuka tangazo la sabuni, machozi yakamlengalenga. Angekuwa na kalamu mkononi, cheti angekiandika palepale.

Siku mbili za kwanza alitembezwa, na alichokiona alikiona kweli. Soko lilikuwa tulivu kama zahanati. Mume na mke waligombana mbele ya duka la vitambaa kwa utaratibu wa kupendeza: mke, ambaye hakuwahi kupaza sauti kwao wala kwa mume, alisema kwa pembe ya mkono mzima, na mume alijibu kwa kibuyu cha vidole vitatu, naye mara kwa mara ilimbidi asimamishe ugomvi ili aishindilie sufi iliyolegea. Alikutana na kijana mmoja fundi baiskeli, Chambuso, aliyekuwa na vidole sita. Alivipata akiwa na miaka kumi na minne, siku timu ya mtaa wao ilipofunga goli dakika ya mwisho. Ujana wake wote ulikuwa ukipita kwa kunong'ona kwa ajili ya goli lile. Semboja alimwuliza kama anajuta. Chambuso akafikiri, akasema lilikuwa goli zuri.

Wazazi wenye malengo, Semboja alielezwa, humfundisha mtoto kutolia kabla hawajamfundisha kutambaa. Mtoto asiyeshtuka, asiyecheka kwa nguvu, asiyeona jambo la kumpandisha sauti, huyo ana mustakabali. Atapewa pembe ndefu. Ndio maana Baraza Kuu lilijaa watu wenye pembe ndefu, na kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mheshimiwa Kondo, Spika, iliyobebwa na wanaume wawili. Kondo hakuwahi kusema ndiyo wala hapana tangu utotoni. Nyumba yake ilipoungua, na hili walilisimulia kwa fahari, alitoka nje akasema tutaliangalia. Kwetu tunasema debe tupu haliachi kuvuma, tukadhani tumetoa methali. Kwao hicho ni cheo.

Semboja aliketi barazani siku ya pili. Mjadala ulikuwa juu ya radi. Upande mmoja ulidai radi ipewe kibuyu kama mtu mwingine yeyote, kwa kuwa sheria haibagui. Upande wa pili ulisema radi kwanza iitwe mara tatu, na isipokuja ihukumiwe bila kuwapo. Walikuwa siku ya nne. Mheshimiwa Kondo alisogezewa pembe, akavuta pumzi, akasema kwamba jambo hili lina pande zake. Vumbi lilidondoka kutoka darini. Wajumbe walipiga vidole badala ya makofi kumpongeza, kwa kiwango kilichoruhusiwa.

Semboja alikuwa amepangishiwa chumba kwa Bi Sihaba, mama mtu mzima mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitatu na binti mmoja, Sikitu, aliyekuwa akisomea kusuka mikeka katika shule ya mtaa. Kwa siku mbili Semboja alidhani mama huyo ni bubu. Alimpa chai, alimwonesha maji ya kuoga, midomo ikicheza nyuma ya kibuyu kikubwa kuliko vyote alivyoviona, na Semboja aliitikia kwa tabasamu kama watu wanavyoitikia wasichokisikia. Asubuhi ya tatu alikaa karibu na jiko kwa sababu ya baridi. Ndipo akagundua kwamba mama yule alikuwa akisema muda wote.

Alikuwa na vidole tisa vya sufi. Semboja alilazimika kuweka sikio karibu na kibuyu ili amsikie, na alichokisikia kilimfanya aisahau chai mkononi mpaka ikapoa.

Miaka mitatu nyuma, mtambaapanya wa shule ya chekechea ulivunjika saa nne asubuhi, ukamwangukia mtoto wake wa kiume. Bi Sihaba alikimbia kutoka nyumbani, akamkuta amekwisha kufa, akalia. Kilio kile kilizirusha punje zote zikatoka nje ya ngoma ya mtaa, ikabidi karani akadirie. Maofisa wa Idara walifika kabla ya jeneza. Walikuja na ngoma, uzi, na daftari. Hakuna aliyekuja na ngazi wala msumeno wa kuutazama mti. Walipoondoka, yeye alikuwa na vidole tisa, na mti ulikuwa umekwisha kutupwa.

Lakini yeye aliujua mti ule. Wiki ulipopasuliwa alikuwa akiwapikia wapasuaji. Aliona kwa macho yake unga ukimiminika kutoka moyo wa gogo, mti umeliwa na wadudu ndani kwa ndani, nje unameremeta. Gogo lile lilitoa boriti mbili. Moja ilikwenda chekechea. Ya pili ilikuwa juu ya vichwa vya watoto wa shule ya kusuka.

Semboja aliuliza lile ambalo yeyote angeuliza: kwa nini asiseme? Bi Sihaba akamtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanalowesha. Kila mwezi kwa miaka mitatu alikwenda barazani, alipewa zamu yake, alisema yote, na karani alizitazama punje zisivyotikisika, akaandika: hakusema kitu. Mara moja alikiondoa kibuyu. Walinzi walimtoa kabla hajamaliza kutaja shule. Mtu mwingine kumsemea hairuhusiwi, kwa kuwa maneno ya mtu yakipita mdomo wa mwingine hayapimiki, na barua haipokelewi, kwa kuwa karatasi hairushi punje. Majirani nao walikuwa wameacha kuinama zamani. Walijua kwamba Bi Sihaba anaomboleza. Hawakujua kwamba anasema. Mwezi mzima alimweka Sikitu nyumbani. Lakini binti ana wenzake thelathini na mmoja pale, akakataa kuwaacha, na mama aliyekwisha kuzika hakuweza kujitia hamnazo kwa watoto wa wenziwe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi yeye aliujua kwa hesabu ya wote.

Semboja alikwenda kwa Bwana Pazi siku hiyohiyo, akiamini kabisa kwamba ni kosa dogo la kitaalamu. Bwana Pazi alimsikiliza kwa moyo, akampa kiti, akampa juisi, akatoa fomu. Dawa ipo, alisema, na ni rahisi. Inaitwa kukata kilele. Karani hufungua daftari, hukitafuta kile kilio, hupiga mstari, na juu ya mstari huandika kwamba siku ile mama yule hakulia. Kilele kikishakatwa, hakuna cha kumshusha. Kibuyu anakirudisha, anakwenda barazani na sauti yake nzima. Kuna sharti moja dogo: daftari halikubali mgongano, kwa hiyo kilio kikiondoka, tukio lililokileta nalo huondoka. Hakutakuwa na boriti iliyoanguka.

"Hatufuti huzuni yake, fundi," Bwana Pazi alisema. "Tunafuta ncha yake tu."

Na hapa Semboja, tusimfichie, alikosea. Miaka kumi na tisa alikuwa amekata vilele. Mwimbaji akipandwa na jazba mahali pamoja, unakata pale pamoja tu, wimbo wote unapata nafasi, na msikilizaji hajui kitu. Kwa hiyo alirudi na fomu mkononi kama mtu anayerudi na habari njema. Alimweleza Bi Sihaba kwamba ni kilele kimoja tu katika maisha mazima. Kikikatwa, nani atakigundua? Alimsihi atie sahihi.

Bi Sihaba aliacha kuchambua mchele. Alisogea mpaka kibuyu kikagusa sikio la Semboja.

"Wewe ni fundi," alisema. "Ukikata pale juu, panabaki nini?"

Semboja alijua kinachobaki. Panabaki bapa, kama kilima kilichokatwa kichwa, na ukisikiliza kwa makini pana mkwaruzo usio na maana, sauti isiyokuwa ya mtu. Alijua pia kwamba mama akienda barazani na sauti nzima kusema juu ya boriti ambayo daftari linasema haikuanguka, watampigia vidole na kuendelea na radi. Aliona aibu, aibu ya kweli inayopanda mpaka masikioni. Aliichana fomu vipande viwili akaitia kwenye moto wa jiko.

Bi Sihaba mwenyewe ndiye aliyekuwa na njia nyingine, kwa sababu katika miaka mitatu ya kutosikika alikuwa amekisoma kitabu cha sheria chote mpaka tanbihi. Kuna kifungu kilichoandikwa kwa ajili ya kwaya. Sheria ilipoanza, kila mwimbaji alipimwa peke yake, basi bembelezo la mtoto likalingana na ngoma ya vita, waitikiaji wakalingana na kiongozi, na watu wakatoka ukumbini wakishika vichwa. Kifungu kikatungwa: watu wakijiandikisha kundi moja, watapimwa pamoja na watashushwa pamoja kwa kilele cha aliye juu kuliko wote, ili uwiano wa sauti zao usiharibike. Na penye kundi, kila aingiaye huingia kwa kiwango cha kundi. Hakuna mahali kilipoandika kwamba kundi lazima liimbe.

Tatizo lilikuwa kwamba kundi huanzia watu wawili, na ni nani mwenye akili timamu atakayeomba vidole tisa? Sikitu angekubali kesho, lakini sheria haikuruhusu wa nyumba moja peke yao. Bi Sihaba hakumwomba Semboja. Aliendelea na mchele wake. Semboja alikaa, akaangalia nje, akahesabu siku zake zilizobaki, kisha akaenda Idara akajiandikisha.

Walipomwongezea sufi alihisi kama amezikwa mpaka shingoni. Lakini uani kwa Bi Sihaba pakawa sasa ni penye kundi. Muuza mkaa alipoingia na pembe yake aliambiwa aiache mlangoni, akapewa kibuyu cha tisa. Muuza maziwa vilevile. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa juu, walisikika wote. Unyamavu wa pale ulikuwa na nafasi ndani yake. Ulisikia sufuria ikianza kuchemka, ulisikia mtu akimeza mate kabla ya kusema jambo gumu. Muuza mkaa alisimama na gunia lake begani, akamsikia Bi Sihaba mwanzo mpaka mwisho. Mwanawe alikuwa akisuka mikeka shule ileile. Alitua gunia, akaenda kujiandikisha.

Chambuso alifuata, kwani kutoka sita kwenda tisa alisema ni kama kutoka juani kwenda juani. Kisha wakaja wale mke na mume wa duka la vitambaa. Mke aliweka pembe chini, mume akachukua kibuyu, wakaketi kwenye benchi la Bi Sihaba, na kwa mara ya kwanza tangu waoane ugomvi wao ulifika mwisho wake. Ilionekana haukuwa mrefu. Baada ya hapo Semboja aliacha kuhesabu. Nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, kundi lilienea, na kila lilipoenea uwanja wa pembe ulipungua. Mafundi walimaliza sufi ya mji ikabidi iagizwe.

Idara ilifurahi kupita kiasi. Haikutokea hata siku moja mtu wa Idara kujiuliza kwa nini. Bwana Pazi aliandaa chati inayoonesha kwamba katika mwezi mmoja Sawazo imeshuka kuliko miaka ishirini iliyopita, na kwamba matumizi ya sufi yamevunja rekodi. Mheshimiwa Kondo aliipa Idara medali. Bwana Pazi alimwendea Semboja kwa upole akamkumbusha cheti, na Semboja akamjibu kupitia vidole tisa kwamba anasubiri kikao cha Baraza. Bwana Pazi hakumsikia, akaitikia kwa tabasamu.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mlinzi wa mlango, ambaye alikuwa mtu wa kufuata maandishi, alihesabu waliomo, akaona wengi ni wa kundi, akafungua kitabu. Penye kundi, kila aingiaye huingia kwa kiwango cha kundi. Wajumbe walipofika aliwataka waache pembe nje. Walilalamika, lakini walilalamika bila pembe, na mlinzi hakusikia lalamiko lolote. Mheshimiwa Kondo alipewa kibuyu cha tisa kama wenzake. Akafungua kikao. Inasemekana alisema kwamba jambo hili lina pande zake. Wengine wanasema hakusema. Hapakuwa na tofauti.

Zamu ya Bi Sihaba ilipofika alisimama. Hakuna aliyeinama, hakuna aliyetega mkono sikioni. Alisema kama mtu anavyosema na majirani, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa.

"Mwanangu aliitwa Makungu," alisema. "Boriti iliyomuua ilitoka gogo moja na boriti ya shule ya kusuka. Nililiona gogo hilo likipasuliwa, ndani ni unga. Kilio changu mmekipima. Mti hamjaupima."

Ukumbi ulikuwa kimya hivi kwamba kalamu ya karani ilisikika. Karani alizitazama punje. Hazikutikisika. Akaandika: hakusema kitu. Mheshimiwa Kondo, kwa kuwa hakuna kilichosemwa, alitangaza kwa ishara ya mkono kwamba Baraza linarudi kwenye ajenda ya radi.

Hapo ndipo watu waliposimama. Hawakugonga meza wala hawakuzomea. Walisimama tu, benchi kwa benchi, wakatoka, na Semboja akatoka nao akiwa ameacha karatasi ya cheti juu ya kiti, nyeupe kama alivyopewa. Muuza mkaa alipita kwake akachukua ngazi. Chambuso alileta kamba. Shuleni waliwatoa watoto nje mmoja mmoja, Sikitu wa mwisho akiwa na mkeka uliosukwa nusu begani, wakasimamisha miti ya kuegemeza paa, wakaifunga boriti kamba pande mbili, wakaanza kuishusha kwa tahadhari ya watu waliobeba mgonjwa.

Haikufika chini ikiwa nzima. Katikati ya safari ilikatika yenyewe, kwa uzito wake tu, na vipande viwili vikaanguka kwenye sakafu tupu. Mshindo ulisikika mji mzima. Punje ziliruka kwenye ngoma zote za mitaa ile, zikavuka uzi, zikamwagika chini.

Bwana Pazi alifika anahema, daftari kwapani. Alipenya katikati ya watu, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akauliza ile ilikuwa sauti ya nani. Alieleza, kwa upole wake uleule, kwamba kila kilele lazima kiwe na mwenyewe, kwamba hawezi kurudi ofisini na mstari mtupu, na kwamba kwa ukubwa ule mwenyewe angepaswa kushushwa vidole ambavyo kibuyu chake hakijatengenezwa. Kulikuwa na vumbi jingi, na watoto thelathini na wawili wamesimama nje ukutani wakitazama.

Bi Sihaba akaja mbele.

"Andika Makungu," alisema. "Ni sauti yake. Lakini safari hii, kabla ya kuandika, weka mkono wako pale."

Bwana Pazi alimsikia. Alisita, akachuchumaa penye kipande cha boriti, akatia kidole mahali ilipokatikia. Kidole kikaingia. Akatia kiganja, kikaingia chote mpaka kwenye saa yake ya mkononi, na alipokitoa kilikuwa kimejaa unga mpaka kwenye zile kucha safi. Aliunyoosha mkono mbele yake kana kwamba si wake. Kisha akafungua daftari gotini, akaandika jina, unga ukidondoka juu ya wino. Aliinua uso.

"Alikuwa na miaka mingapi?" aliuliza. Katika miaka yote mitatu hakuna aliyekuwa amemwuliza mama yule.

"Sita," Bi Sihaba alisema, na uwanja wote ukasikia.